Nipo probesheni, nataka kurudi kwenye soko la ajira kimyakimya. Nianzeje?

mpya_kazini: Wakuu, nina miezi miwili kwenye kampuni binafsi hapa Dar. Mkataba wa kudumu, malipo ya mwezi, majaribio miezi sita. Mkataba unasema mhasibu, kazi yenyewe ni kuzunguka kudai madeni ya wateja. Notisi ni siku ngapi? "Masaa 24" ni kweli? Na kazi hii niiweke kwenye CV?

Kalamu Nyekundu: Mkuu, masaa 24 hayamo kwenye sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema hivi: ndani ya mwezi wa kwanza notisi isipungue siku 7, baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, probesheni au la. Mkataba ukiweka muda mrefu zaidi, uwe sawa kwenu wote wawili.

Wanaoandika barua ya masaa 24 huwa wamekubali kukatwa. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Ukiondoka tarehe 25 kabla mshahara haujaingia, unaweza kuambulia patupu. Barua itaje sababu na tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

dawati_la_rasilimaliwatu: CV: miezi miwili usiiandike, pengo hilo halimshtui mtu. Ila fomu ya maombi ikiuliza mwajiri wa sasa, jaza ukweli. Namba yako ya NSSF ni ileile popote uendako na michango inaonyesha nani alichangia, kwa hiyo uongo hapo hugundulika kirahisi, tena ukishaajiriwa.

Wadhamini weka wa kazi ya zamani, na uandike wazi kwamba mwajiri wa sasa asipigiwe kabla ya ofa. LinkedIn ukiwasha alama ya kutafuta kazi, chagua ionekane kwa wanaosaka wafanyakazi (recruiters) tu. Hata hivyo LinkedIn yenyewe haikuhakikishii kwamba bosi wako hataiona. Barua pepe na printa ya ofisi usiguse.

Usaili omba wa asubuhi sana au Jumamosi. Aliye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo kwa sheria hiyo, ya ugonjwa ikiwemo, kwa hiyo kila "naumwa" inaweza kukatwa mshahara.

Mzee wa Mikataba: Mnamkimbiza haraka mno. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na akiyabadilisha ashauriane na mfanyakazi. Mwandikie HR, ambatisha ukurasa wa mkataba, uliza lini utaanza uhasibu. Wakinyamaza, tayari una jibu safi la usaili: "nilisaini uhasibu, nikapewa ukusanyaji wa madeni". Hapo hujamsema vibaya mtu.

Usijiuzulu kwa ofa ya mdomo. Subiri barua iliyosainiwa yenye mshahara kabla ya makato na tarehe ya kuripoti inayoacha nafasi ya siku 28. Kule utaanza upya: chini ya miezi sita, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu. Mkopo wa benki wa mshahara usichukue sasa, rejesho halisubiri upate kazi.

mpya_kazini: Cheti cha utumishi kwa miezi hii michache watanipa kweli?

Kalamu Nyekundu: Lazima, kifungu cha 44. Kidai kwenye barua ileile ya kujiuzulu.