Farasi akipatikana na dawa, mzigo abebe nani?

WA KIBOKONI (mwenye mada)

Asalaam aleikum jamaa. Jana baada ya Magharibi baraza letu lilichafuka, na safari hii si siasa wala mpira. Ni farasi. Najua mtacheka. Mombasa hatuna mbio za farasi. Anayezitaka apande treni aende Ngong, Nairobi. Sisi tuna ngamia wa kupandisha wageni ufukweni, basi. Lakini vijana wetu ndio wanaolala mazizini kule Ghuba, na mmoja wao, mtoto wa ami yangu, amerudi baada ya miaka sita ya usaisi, kazi ya kutunza farasi. Hakurudi kwa heri.

Farasi aliyekuwa akimtunza alishinda. Akishinda hupelekwa chumba cha pembeni apimwe mkojo na damu. Ndugu yangu anasema alisimama naye karibu saa nzima akimpigia mbinja ili akojoe, mpimaji kashika kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu, wote wawili wamemkodolea macho kama watu wanaongoja feri. Akakojoa. Mkojo ukagawanywa chupa mbili, moja ya kupima, ya pili ya kuwekwa ikiwa mtu atabisha. Majibu yakaja: kuna dawa. Saisi wanne wakaitwa ofisini. Watatu wakarudi kazini, mmoja akakabidhiwa tikiti ya ndege. Mkufunzi akapigwa faini, naye yuko kazini mpaka leo. Mwenye farasi hakuonekana hata kivuli.

Sitaji zizi wala mji. Wala simfanyi ndugu yangu malaika, maana ana elfu mbili zangu tangu kabla ya korona.

Swali langu hili. Mkimbiaji wetu wa Iten akipatikana na dawa, kanuni inasema kilichomo mwilini mwako ni chako, ulijua hukujua. Sawa, yule ana mdomo. Anaweza kuuliza sindano hii ya nini. Farasi hana. Ndiyo maana nchi nyingi zimemweka mkufunzi asimame badala ya mdomo wa farasi: dawa ikionekana, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Nakubali. Ninachokataa ni mlolongo kukatika kwake na mwenye mali akabaki juu, na wa chini kufukuzwa bila hata kusikilizwa.

Tazameni 2013, Newmarket, Uingereza. Farasi 11 wa Godolphin, zizi la mtawala wa Dubai, walipatikana na steroidi za kujenga misuli. Mkufunzi Mahmood Al Zarooni alifungiwa miaka 8. Mwenye zizi alikasirika hadharani, akafunga zizi mpaka farasi wapimwe, na hukumu haikumgusa. Mimi nasema mwenye farasi naye akae nje msimu mzima, farasi wake wote. Hapo ndipo atakapouliza kabati la dawa lina nini.

DAKTARI WA NG'OMBE

Kaka, umekimbilia adhabu kabla ya kuuliza dawa gani. Mimi natibu ng'ombe na mbuzi huku Kwale. Ng'ombe wa maziwa nikimchoma antibiotiki, namwambia mwenyewe: maziwa yamwage siku kadhaa. Siku ya pili namkuta na dumu njiani. Kosa langu au lake? Farasi ni vivyo hivyo. Dawa nyingi zinazonaswa ni za matibabu halali kabisa, ila hazikupewa muda wa kutoka mwilini.

Na kuna kesi ambazo ukitafuta mkosaji humpati. Mwaka 2014 Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth, alitoka wa pili kwenye Gold Cup, mbio za Ascot huko Uingereza. Kipimo kikaonyesha mofini, dawa kali ya maumivu. Kuchunguza, ikaonekana imetoka kwenye chakula chake, kilichochanganyika na mbegu za popi, mmea unaotoa mofini. Nafasi ya pili ikafutwa, zawadi ikaenda, na mkufunzi hakutozwa kitu. Malkia mzima! Mimi hapo ndipo niliposimama. Matokeo yafutwe bila kuuliza nani kakosa, maana farasi kakimbia na kitu mwilini na wenzake hawakuwa nacho. Adhabu ndiyo iulize nani. Wewe umevichanganya viwili hivi.

KIJANA WA TUDOR

Na sisi tunaobeti je? Mei 2021 farasi Medina Spirit alishinda mbio za Kentucky Derby, Marekani. Wakakuta betamethasoni, pikogramu 21 kwa mililita ya damu. Gramu moja uigawe mara trilioni, uchukue vipande 21! Ni dawa ya kupunguza uvimbe, na sheria ya huko haikutaka hata chembe siku ya mbio. Bob Baffert, mkufunzi, kwanza akasema farasi hajawahi kupewa dawa hiyo, baadaye akasema huenda ni ile marhamu ya upele. Februari 2022 ushindi akapewa Mandaloun, aliyekuwa wa pili, na farasi mwenyewe Medina Spirit alikuwa ameshakufa mazoezini Desemba 2021. Sasa aliyeweka pesa yake kwa Mandaloun alipata nini? Hakuna. Malipo yalishafungwa siku ileile. Mnagombana kuhusu saisi na tajiri, mwenye tikiti mkononi mmemsahau.

WA KIBOKONI

Kijana, kamari ujiombee mwenyewe. Tuendelee.

Daktari, nimekuelewa na nusu nakubali. Lakini huyo Baffert amenisaidia mimi. Churchill Downs, uwanja wa hizo mbio za Derby, ulimfungia miaka miwili, baadaye wakaongeza. Mwenye farasi aliambiwa arudishe zawadi, basi. Farasi wake mwingine akahamishiwa kwa mkufunzi mwingine ili akimbie. Mtu anabadilisha mkufunzi kama anavyobadilisha dereva.

MAMA WA LIKONI

Mwanangu wa Kibokoni, nikuulize bila hasira. Umewahi kuona tajiri akiumizwa bila kumshukia aliye chini yake? Ukimfungia mwenye farasi msimu mzima, farasi hawakimbii, pesa haingii, na Ijumaa inayofuata saisi wote wanne wana tikiti, si mmoja. Dau la mnyonge haliendi joshi, nawe unataka kulitoboa.

Mimi nataka mkufunzi abebe, na abebe kweli. Sababu ni moja. Siku utakayomruhusu kusema "sikujua, ni yule kijana", kila zizi litaajiri kijana wa kusingiziwa. Atalipwa kwa kazi hiyo hasa.

Na wewe Daktari, wenzako msijifiche nyuma ya dumu la maziwa. Kule Marekani watu walipokamatwa kwa dawa za farasi mwaka 2020, hakukamatwa mkufunzi peke yake. Jorge Navarro, mkufunzi, alipata miaka 5 jela. Seth Fishman, daktari wa wanyama aliyetengeneza na kuuza madawa yaliyokusudiwa yasinaswe na vipimo, alipata 11. Aliyepika alifungwa zaidi ya aliyepakua. Sijaona jaji mwenye akili kama huyo.

DAKTARI WA NG'OMBE

Mama, hapo sina la kujibu. Ninachotaka ni daftari tu. Kila sindano iandikwe: nani kaagiza, nani kachoma, saa ngapi. Zizi lisilo na daftari, mkufunzi asisikilizwe hata neno. Lenye daftari, tufuate mwandiko. Lakini Wa Kibokoni, hujatuambia: huyo farasi wa ndugu yako alikutwa na dawa gani?

WA KIBOKONI

Nilijua nitaulizwa. Ilikuwa dawa ya maumivu ya watu, vile vidonge vikali vya mgongo.

Nawaambia aliyotuambia kwenye kikombe cha tatu cha kahawa, baada ya wazee kuondoka. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kubeba ndoo. Mwenzake akampa vidonge. Usiku akibanwa, alikuwa akikojoa kwenye majani makavu ya kulalia farasi, na farasi akiamka huyatafuna. Si hekaya. Kesi za namna hii zimeshaonekana nchi za nje: mtu kameza, kakojoa, farasi kala majani, kipimo kimenasa. Vipimo vya siku hizi havisamehi.

Kwa hiyo aliyeiingiza dawa ni ndugu yangu, kwa mkojo wake. Mnaweza kunicheka sasa.

KIJANA WA TUDOR

Ha! Kesi imefungwa. Saisi kakosa, saisi kafukuzwa.

MAMA WA LIKONI

Haijafungwa. Mtu mzima hakojoi anapolala kwa kupenda. Muulize choo kilikuwa wapi.

WA KIBOKONI

Nimempigia asubuhi hii. Anasema hatua mia mbili na kumi kutoka kitandani, alizihesabu. Na katikati pana lango. Hufungwa saa nne usiku kwa amri ya mkufunzi, ili farasi wasiibwe, na funguo huenda naye nyumbani.