Duka la mtandaoni likikuletea mzigo kimakosa, ni wako au sio wako? Tujadili bila jazba

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili maana kila likitokea watu wanagawanyika pande mbili na mi naona pande zote mbili zinakosea. Umeagiza kitu mtandaoni, boda kakuletea kitu kingine kabisa cha bei kubwa, au kakuletea viwili badala ya kimoja. Kundi la kwanza wanasema hiyo riziki, uzembe wao, kula kimya. Kundi la pili, wengi wao wenye maduka, wanasema huyo mteja ni mwizi, arudishe mzigo mwenyewe kwa nauli yake na iwe leo leo. Msimamo wangu nauweka mapema msije mkasema nazunguka: mzigo sio wako, ila kuubeba kuurudisha sio kazi yako. Wewe unatakiwa uwaambie na uutunze. Kuufuata, kulipa usafiri na kukuomba radhi ni juu yao.

Kilichonifanya nilete hii mada ni dada mmoja jirani yetu huku Tabata. Aliagiza brenda kwenye duka moja linalouza Instagram, stoo yao ipo Kariakoo, jina silitaji. Hela alilipa yote kwa simu kabla. Jioni boda kampigia "dada toka nipo getini", kamkabidhi boksi limezungushiwa gundi ya kahawia, kageuza pikipiki kaondoka mbio sababu nyuma alikuwa bado ana mizigo mingine kaifunga kwa mpira. Anafungua ndani anakuta kishikwambi kipya, bado kina plastiki yake kwenye kioo. Ubavuni mwa boksi kumeandikwa kwa maka peni herufi kubwa KIGAMBONI, AMELIPA. Hilo boksi nimelishika mwenyewe.

Yule dada akapiga picha akawatumia WhatsApp siku ileile, tiki za bluu zikatokea, kimya. Kesho yake akauliza tena, kimya. Baadae ndo inakuja simu ya mwanaume anafoka, kwamba umekaa na mali yetu, ulete Kariakoo leo la sivyo tunakuja na polisi, na brenda yako hatuitoi mpaka tukione kishikwambi mezani. Mtu amewaambia mwenyewe, ametuma na picha, alafu anaitwa mwizi! Na apande daladala kwa hela yake na siku ya kazi iharibike. Pale nyumbani watu wakaanza kumshauri auze tu, kuna jamaa akamwambia kabisa nakupa laki tatu sasa hivi. Hapo ndo niliona watu wengi hatujui sheria inasemaje, tunabishana kwa hasira tu.

Tuanze na wale wa "kula kimya". Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema mtu aliyelipwa hela au aliyekabidhiwa kitu chochote kwa makosa anatakiwa arudishe. Haibagui hela na kitu, viko sentensi moja. Na hili kwenye hela wote tunalikubali, mtu akikosea namba akakutumia laki mbili kwenye simu hakuna mzee wa heshima hapa atasema hiyo riziki yako, utarudisha na usiporudisha watu watakusema mtaa mzima. Sasa kwanini ikiwa kishikwambi badala ya laki mbili tunabadilika? Wengine wanasema aah duka lina hela haliumii. Rudini kwenye lile boksi, AMELIPA. Kuna mtu Kigamboni hela yake imeshatoka, anasubiri, anapiga simu hazipokelewi, pengine na yeye kaletewa brenda anashangaa. Mzigo uliopotea njia karibu kila mara una mteja mwenzako nyuma yake.

Na ukijua kabisa sio chako ukablock namba yao ukakiuza, hapo umeshatoka kwenye mambo ya madai unaingia jinai. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 258 kinaposema wizi ni nini hakiishii kwenye kuchukua tu, kugeuza mali ya mtu kuwa yako kwa hila nako kumo. Hata kitu ulichookota barabarani, unachojitetea nacho ni kwamba hukumjua mwenyewe na uliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Sasa wewe mwenye namba ya duka kwenye simu yako utasema hukumjua mwenyewe?

Ila wenye maduka msishangilie, nakuja kwenu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni ile ya Waingereza ya 1893, ina kipengele wengi hawakijui. Mnunuzi akiletewa bidhaa akaikataa na ana haki ya kuikataa, halazimiki kuirudisha kwa muuzaji, inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Yani ile meseji ya WhatsApp yenye picha tayari imemaliza wajibu wake wa kukataa. Mambo ya "lete Kariakoo" hayapo. Na kama umeagiza katoni moja wakakuletea tatu unaruhusiwa kuchukua moja yako ukakataa mbili zilizozidi, au ukizitaka zote unazilipia kwa bei mliyokubaliana, chaguo ni lako. Kwahiyo ukiweka sheria hizi pamoja picha ni ileile niliyosema mwanzo: mali ni yao, usumbufu pia ni wao.

Na brenda? Brenda imelipiwa. Deni la duka kwa yule dada halijafungwa na kishikwambi, wanatakiwa walete brenda kwa sababu alilipa, basi. Kushikilia mali ya mteja kama rehani ili awafanyie kazi yao ya usafirishaji ni uonevu na mi siwezi kuupa jina lingine.

Kuna video zinazunguka sana, mtu anaongea kwa kujiamini "kampuni ikikutumia kitu hukuagiza kisheria ni zawadi". Hiyo ipo kweli, ila sio ya huku na sio ya makosa. Marekani mwaka 1970 sheria yao ya posta iliweka kwamba bidhaa ikiletwa kwako kwa posta bila kuagiza unaweza kuichukua kama zawadi, Uingereza mwaka 1971 wakatunga ya kwao. Sababu ilikuwa makampuni yenye mchezo mchafu, wanakutumia kitabu hujaomba alafu baada ya muda wanakutumia na bili, usipolipa wanakusumbua. Sheria ikasema sawa, ukimtumia mtu kitu makusudi ili umbane alipe basi umempa bure. Hiyo ni dawa ya wajanja, haikutungwa kwa ajili ya mfanyakazi wa stoo aliyebandika karatasi kwenye boksi lisilo lake.

Na huko huko Uingereza hii hoja ilishazua vurugu. Desemba 2013 duka la mtandaoni la Zavvi lilikuwa na wateja walioagiza gemu moja ya takriban pauni 20 inaitwa Tearaway, likawatumia PS Vita nzima, yani mashine ya mkononi ya kuchezea gemu, pamoja na gemu, kitu cha bei kubwa mara kadhaa. Duka likaomba virudishwe, wengine wakagoma wakisema kanuni zinatulinda hizi ni zawadi, duka likatuma barua za kutishia kwenda mahakamani, watu wakachachamaa mtandaoni. Mi nikisoma hiyo habari naona duka lilikuwa na haki ya mali yake ila kwa vitisho vile likajiharibia jina lenyewe. Ungeomba vizuri, ukatuma mtu wa kuchukua, ukampa mteja hata punguzo dogo, wangapi wangegoma?

Nawasilisha, karibuni.

---

Nimerudi baada ya kusoma michango, nawajibu wachache.

Kuna mdau kaandika "mkuu hao wenye maduka wakitutumia feki hawarudishi hela, sasa leo zamu yetu unatuletea sheria". Mkuu machungu yako nayaelewa kabisa, na mimi nimeshawahi kupokea spika haiwaki na muuzaji akaniblock. Lakini yule wa Kigamboni hajakuuzia feki wewe. Ukiuziwa feki kusanya risiti, picha na meseji zako uende Tume ya Ushindani, FCC, malalamiko ya walaji wanapokea, ipo pale kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Watu wengi hatuendi, tunaishia kulalamika kwenye komenti. Kulipiza kwa mzigo wa mtu mwingine hakumgusi aliyekuuzia feki hata kidogo.

Mwingine kaleta hoja nzuri sana ambayo mi sikuigusa: "nitajuaje anayepiga simu ndo duka kweli?" Hili ni kubwa maana nchi hii wote tumeshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu anaweza kuwa dereva mjanja, au mtu wa stoo aliyejua mzigo umeenda wapi, anakuja kuchukua kwa jina la duka, kesho duka lenyewe linakudai. Kwahiyo usimpe mzigo mtu aliyekupigia tu. Maongezi yote yapite kwenye akaunti ileile uliyoagizia, waambie wakutumie kwa maandishi jina la boda na namba ya pikipiki, akifika mpige picha akiwa ameshika mzigo kisha itume palepale kwa duka. Kama ni mzigo wa mkoani uliokuja kwa basi, warudishe kwa kuulipia wao, wewe unaukabidhi tu ofisi ya basi na unapewa risiti. Hii inakulinda kuliko sheria yoyote niliyoitaja huko juu.

Mdau wa Mombasa katukumbusha kwamba Kenya haki za mlaji zimeingia mpaka kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46, na mle kuna haki ya kulipwa fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa au huduma. Kweli ndugu yangu, na hapo ndo nataka huku kwetu tufike, mteja aliyepoteza nusu siku kushughulikia kosa la duka asiambiwe tu "pole dada".

Kuna muuzaji naye kalalamika, na nimemsoma kwa makini. Anasema "mtaji wangu ni milioni mbili, vikipotea vishikwambi viwili nimefunga biashara, nikimbembeleza mteja anaona mnyonge ananizungusha wiki nzima". Boss nakubali, kuna wateja wa hivyo, mzigo upo kabatini kila siku "nipo safarini". Huyo una haki ya kumdai na hata kumshtaki kama unaona anakwepa makusudi. Ila anza na kinachokuhusu wewe. Jibu meseji. Weka namba ya oda juu ya boksi, sio jina la mtaa kwa maka peni. Mpe boda orodha na mwambie afungue boksi mteja akiwepo. Ukikosea tuma boda siku ileile na kitu chake sahihi mkononi, anatoa hiki anapokea kile pale getini, imeisha. Hiyo ndo ilivyomalizika kwa yule dada mwishoni, baada ya kaka yake kuongea nao kwa utulivu, boda alileta brenda akaondoka na kishikwambi, dakika tano nyingi. Wangefanya hivyo siku ya kwanza wala mada hii isingekuwepo.

Ambalo limeniuma zaidi ni komenti ya jamaa mmoja dereva boda. Anasema mizigo ikichanganyika duka linamkata yeye, hata kama aliyekosea ni aliyefunga stoo, na elfu tano ya kupeleka inaweza kumzalishia deni la laki nne. Sasa ndugu zangu wa "kula kimya" mkisema duka haliumii mjue mara nyingi hasara haikai dukani, inateremshwa mpaka kwa huyu aliyekesha na mvua. Na kwa maduka, kumkata mtu kwa kosa la kufunga boksi ambalo yeye hakulifunga ni dhuluma, mumtake radhi na mumrudishie hela yake.

Nabaki na swali moja nataka mnisaidie wenye ujuzi wa sheria. Mteja ameshatoa taarifa, ana ushahidi, duka halijibu na wala haliji kuchukua. Anakaa na mzigo mpaka lini? Chumba chenyewe kimoja, friji la mtu limesimama mlangoni. Mi napendekeza iwekwe wazi kwenye kanuni za biashara mtandaoni, kwamba baada ya siku 30 za taarifa ya maandishi duka lisipokuja mteja aruhusiwe kuupeleka serikali ya mtaa mbele ya mjumbe na wajibu wake uishe hapo, gharama za kuutunza zikibaki kwa duka. Kuna mdau kasema 30 ni nyingi iwe 7, mwingine kasema wa mikoani wapewe zaidi. Wenye hoja za siku ngapi na kwanini, leteni.