Mjadala: Je, bima ya afya ilipie upandikizaji wa ufizi?

Mtoa hoja
Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo Tanzania tangu 2023, na kila mtu ana lake analotaka liingie kwenye kitita cha mafao. Langu ni upasuaji wa kufunika mzizi wa jino ambao ufizi wake umerudi nyuma. Kitita kiubebe, au mgonjwa ajitegemee kwa madai kwamba ni urembo?

Daktari bingwa wa fizi
Si urembo. Mzizi hauna enameli, lile tabaka gumu linalolinda sehemu ya juu ya jino. Ukibaki wazi, maji baridi yanachoma mpaka mtu anaacha kupiga mswaki upande ule, ukoga unajaa, na jino linaoza shingoni, mahali pagumu kuziba.

Upasuaji wenyewe hauhitaji kulazwa. Mgonjwa anapigwa ganzi, mzizi unakwanguliwa hadi uwe laini, kisha ufizi unatenganishwa taratibu pasipo kutobolewa. Kipandikizi ni tishu unganishi, yaani nyama ngumu iliyo chini ya ngozi ya juu, kutoka kaakaani, kati ya chonge na gego la kwanza, unene wa milimita 1 hadi 1.5. Ukienda nyuma zaidi au juu zaidi unakaribia ateri kubwa ya kaakaa. Kipandikizi kinalazwa juu ya mzizi, ufizi unavutwa kukifunika, unashonwa kwa uzi mwembamba wa kipimo cha 5-0 au 6-0. Madaktari Langer na Langer waliieleza njia hii mwaka 1985, kwa hiyo hakuna anayejaribu kitu kigeni hapa.

Tabibu wa meno, hospitali ya wilaya
Daktari, sina ugomvi na kisu chako. Ugomvi wangu ni foleni. Wengi wanaokuja na fizi zilizorudi nyuma wana ugaga mgumu chini ya ufizi, au wanasugua kwa mswaki mgumu mlalomlalo kama wanaosugua sufuria. Waondolee ugaga, wape mswaki laini, wafundishe kusugua, wapake vanishi ya floraidi kwenye mzizi unaochoma. Wengi maumivu yanapungua na ufizi unatulia pale ulipo. Saa nzima ya upasuaji wa jino moja ningewasafisha wagonjwa wawili. Na ukipandikiza huku mtu anasugua vilevile, ufizi utarudi nyuma tena na fedha ya mfuko imepotea.

Mkaguzi wa madai ya bima
Mimi nahitaji kigezo ninachoweza kukiona kwenye fomu. "Ufizi umerudi nyuma" haitoshi. Je, kuna namna ya kujua kabla ya upasuaji ni mzizi upi utafunikika?

Daktari bingwa wa fizi
Ipo. Mtafiti Francesco Cairo na wenzake walitoa mpangilio wa aina tatu mwaka 2011, nao unaangalia pembeni, katikati ya jino na jino. Aina ya kwanza, mshikamano wa pembeni, yaani tishu zinazoshika jino, haujapotea: mzizi unaweza kufunikika wote. Aina ya pili, umepotea lakini si zaidi ya upande wa mbele: tarajia sehemu. Aina ya tatu, pembeni kumepotea zaidi ya mbele: usiahidi kufunika wote. Fomu idai vipimo vya milimita kwa kila jino, mbele na pembeni, pamoja na picha. Hapo mkaguzi hahitaji kubahatisha.

Na tabibu, nakubali kusafisha kwanza. Nisichokubali ni kuishia hapo. Pale ambapo ufizi ni mwembamba na vipimo vya miezi sita hadi mwaka vinaonyesha unazidi kushuka ingawa kinywa ni kisafi, mswaki laini hautaongeza tishu isiyokuwepo.

Muuguzi wa kliniki ya meno
Mkilipia kisu, lipieni na mahudhurio ya marudio. Kazi huharibika baada ya mgonjwa kutoka. Kipandikizi kinaishi kwa damu ya jirani zake. Kikitikisika siku za mwanzo, mishipa midogo haiungi na kinakufa. Hivyo asivute mdomo kuangalia kwenye kioo. Asipige mswaki pale kwa wiki mbili au tatu, asukutue klorheksidini ya 0.12%, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, mara mbili kwa siku. Kaakaa likivuja damu, abane kwa shashi yenye unyevu dakika 15 mfululizo bila kuchungulia. Na asiogope akiona weupe juu ya kidonda siku ya tatu. Mara nyingi ni ngozi ya juu tu inayobanduka. Nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Kuna kosa la mpasuaji pia: ufizi ukishonwa umekazwa, unajivuta na kurudi ulikotoka.

Mhamasishaji wa afya ya kinywa, Zanzibar
Mmesahau ugoro na kuberi. Mtu anayeuweka kila siku mfuko uleule wa mdomo, ufizi wa pale ndio unaochimbika, na tumbaku inabana mishipa ambayo kipandikizi kinaitegemea. Mswaki wa mti wenyewe hauna kosa, ilimradi nyuzi zake zitafunwe zilainike na mkono uende kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Pendekezo langu: anayetumia tumbaku asilipiwe hadi aache.

Tabibu wa meno, hospitali ya wilaya
Hapo hata mimi nakataa, dada. Jino linalomchoma mvuta sigara linachoma vilevile. Mcheleweshe, mpe msaada wa kuacha, mpime tena. Ukimfungia mlango atakwambia ameacha huku bado anatumia, na fomu yako haitakuwa na njia ya kujua.

Mkaguzi wa madai ya bima
Basi ninachopeleka kwenye kikao ni hiki: aina ya kwanza na ya pili, baada ya kusafishwa, kukiwa na vipimo viwili vilivyopishana angalau miezi sita. Swali la tumbaku nitaliacha wazi. Anayeweza kutetea upande wowote kwa vipimo, aandike hapa chini.