Kocha, mlezi wa kazi au mshauri nasaha? Wafanyakazi watatu, fungu moja. Naombeni ushauri

Mwanashimanzi:
Salaam wanajamvi. Nashughulikia mambo ya wafanyakazi kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Shimanzi. Tajiri ametenga pesa kidogo akasema, "Tafuta kocha awanyooshe hawa watatu." Tatizo ni kwamba hawa watatu hawafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni msimamizi mpya. Alikuwa karani hodari wa nyaraka, akapandishwa cheo. Sasa anafanya mwenyewe kazi za watu wake wote sita, anatoka saa tatu usiku, wao wanakunywa chai.

Wa pili ni binti mwenye miezi minane kazini. Ana bidii, lakini entri zake (hati za kutangaza mzigo forodhani) hurudi na maswali ya forodha kila wiki.

Wa tatu ni karani wa yadi. Miezi miwili iliyopita aliona utingo akibanwa na trela iliyokuwa ikirudi nyuma, na utingo akafariki. Tangu siku hiyo usingizi hana, akisikia mlio wa lori kurudi nyuma anaruka, na yadi hakanyagi. Ukimtuma huko atatafuta sababu.

Nimepata mtu anayejiita kocha wa maisha. Anasema wote watatu atawamaliza kwa vikao vitatu, na juu yake "ataponya majeraha ya utotoni". Nimchukue? Kama sivyo, nani aende kwa nani?

NangaKuu:
Usimchukue. Hapa Mombasa ukitaja kocha watu wanafikiria Bandari FC, na afadhali wangebaki hapo, maana kocha wa mpira hakuahidi kumtibu mtu goti. Huyo wako anaahidi tiba. Hakuna bodi ya serikali inayompa kocha leseni, kwa hiyo jina hilo kila mtu anaweza kujibandika.

Swali la kuanzia ni hili: dawa ya tatizo iko wapi? Ikiwa mtu mwenyewe anayo ila imejifunga, huyo wa kocha. Ikiwa iko kichwani mwa mtu aliyekwisha ipita njia hiyo, huyo wa mlezi. Ikiwa mtu ameumia na mwili wake haumtii, huyo wa tiba.

Bi_Tudor:
Anza na wa tatu, tena wiki hii. Hao wawili hawataharibikiwa wakisubiri mwezi.

Kukosa usingizi, kushtuka na kukwepa mahali ni kawaida siku za mwanzo baada ya ajali kama hiyo, na wengi hutulia wenyewe. Zikipita mwezi bila kupungua, mtu anahitaji kuonwa na mwenye taaluma. Huyo wako yuko miezi miwili. Jina la maradhi usimpe wewe, mwachie atakayempima.

Ushauri nasaha na saikolojia hapa Kenya vina sheria yake ya mwaka 2014, na bodi inayosajili. Omba namba ya usajili kabla ya kuuliza bei. Kisha uliza: unatibu mshtuko kwa njia gani? Unataka kusikia tiba ya fikra na mwenendo iliyolengwa kwa mshtuko, au EMDR, ile ya kuipitia kumbukumbu huku macho yakifuata kitu kinachokwenda huku na huku. Akikujibu "nawasikiliza tu", shukuru uende kwingine. Muulize pia yeye mwenyewe anasimamiwa na nani, maana mtibabu makini ana mkubwa wake anayempelekea kesi ngumu.

Tiba yenyewe kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12, wiki kwa wiki, na vile vya kuigusa kumbukumbu vyaweza kufika dakika 90. Kwanza usingizi na kutuliza mwili, baadaye kumbukumbu, kidogo kidogo. Yadi nayo hurudiwa kwa ngazi. Mathalan siku ya kwanza asimame getini na mwenzake, malori yamezimwa, akae hapo mpaka moyo uteremke wenyewe, hata kama ni nusu saa. Siku nyingine lori moja linawashwa mbali. Baadaye ndiyo ule mlio wa kurudi nyuma. Wanaoharibu ni wale wanaomwondoa pale hofu inapopanda kileleni. Mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na mara ya pili hofu inakuja kubwa zaidi. Ngazi hizo azipange mtibabu, si msimamizi wa yadi.

Kosa jingine ambalo makampuni hulipenda: kuwakusanya walioona ajali chumba kimoja, kila mtu asimulie alichokiona, mara moja, basi. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao hicho kimoja cha kusimulia. Hakizuii madhara ya baadaye.

Ikionekana anahitaji dawa, mwanasaikolojia haandiki dawa. Hapo ni daktari wa magonjwa ya akili, na pa kuanzia ni hospitali kuu ya Pwani au kitengo cha Port Reitz.

mkweli_likoni:
Mambo mengiii. Zamani mtu akiona maiti husomewa, akanyweshwa kombe, akarudi kazini. Haya ya vikao kumi na mbili ni biashara.

Bi_Tudor:
Kaka yangu, kombe halimzuii mtu kwenda kwa mshauri, na mshauri anayejua kazi yake hamkatazi kusomewa. Wengi wanapata utulivu huko na mimi sibishani nao. Ninachobishania ni kimoja tu: yeyote anayemwambia aache dawa aliyopewa na daktari, awe shehe, mchungaji au kocha, huyo akimbiwe.

Somo_wa_Kuze:
Nije kwa binti. Huyo hana ugonjwa wala hajakwama, hajui tu, na asiyejua hasaidiwi kwa kuulizwa "wewe unaonaje?" Anahitaji mlezi wa kazi, na sisi Waswahili tulikuwa naye kabla neno lenyewe halijaletwa na semina: somo, yule mwanamke anayemfunda mwari. Mwari hakupewa somo kwa sababu ya cheti. Alipewa mtu aliyeyapitia, na hakuwa mama mzazi. Kwa nini asiwe mama? Kwa sababu kuna maswali binti hawezi kumuuliza mama.

Ndiyo maana mlezi wake asiwe mkuu wake wa kazi. Anayekuandikia tathmini ya mwaka huwezi kumwambia "hili silijui kabisa". Tafuta karani mkongwe wa idara nyingine, au hata aliyestaafu. Saa moja kila wiki mbili, kwa miezi sita hadi mwaka. Kwa kawaida halipwi, ila muondolee kazi ya saa hiyo. Ukimwongezea tu, baada ya wiki nne atakuwa "yuko bize".

Saa hiyo isiwe ya hadithi za "enzi zetu". Binti alete faili mbili zilizorudi. Chukua viti vya plastiki. Aliyeanza kazi huona plastiki, akaenda moja kwa moja sura ya 39, ya plastiki, kwenye kitabu cha ushuru wa forodha. Mlezi asimpe jibu, afungue maelezo ya mwanzo wa sura hiyo, amwambie asome kwa sauti. Atakuta bidhaa za sura ya 94 zimetolewa humo, na viti viko namba 9401. Tairi hali kadhalika: mpya ni 4011, zilizotumika ni 4012, na mara nyingi ankara haisemi ni zipi. Hapo mlezi anamfundisha kitu ambacho hakimo kitabuni: mpigie mteja kabla ya kutuma entri, usikisie. Baada ya faili kama ishirini hivi utaona makosa yake ni ya aina mbili tatu tu yanayojirudia.

Mlezi anayemfanyia entri ili "asichelewe" ameshamharibu. Mzigo utatoka na binti atabaki pale pale.

NangaKuu:
Umemaliza, Somo. Nibaki na msimamizi.

Kabla ya kocha, muulize kama aliwahi hata mara moja kufundishwa kugawa kazi. Kama hapana, mafunzo ya siku mbili yatatosha na ni nafuu. Kocha anafaa kwa mtu anayejua afanye nini na bado hafanyi.

Ukifika hapo, panga vikao sita vya saa moja, kila wiki mbili. Nafasi hiyo ya wiki mbili ndiyo yenye kazi, kwa sababu lazima aende akajaribu kitu. Kikao cha kwanza kiwe cha watatu: tajiri, msimamizi na kocha, mkubaliane lengo linalohesabika. "Awe kiongozi bora" si lengo. "Ndani ya miezi mitatu, entri nne kati ya tano zitoke bila yeye kuzigusa" ni lengo. Baada ya hapo tajiri atoke chumbani.

Wengi hufuata mpangilio wa hatua nne uliosambazwa miaka ya 1990 na John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, utafanya nini na lini. Kwa karibu husikika hivi:

"Jana ulizichukua entri ngapi za watu wako?"
"Tisa."
"Ngapi kati ya hizo zilikuwa na kosa?"
"Moja... labda mbili."
"Na hizo saba?"

Halafu kocha ananyamaza. Asiyeweza kunyamaza hapo hajaiva. Akisema "mimi nilikuwa naanza kwa kuwapa entri ndogo", ameshahamia kwenye ulezi. Si dhambi, ila ajue amehama na amwambie mtu wake.

Ukitaka kupima kisomo chake, shirika la kimataifa la makocha, ICF, lina vyeti vya ngazi tatu: ACC ni saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukochi, PCC ni 125 na 500, MCC ni 200 na 2,500. Cheti hakimfanyi mtu mahiri, lakini aliyekaa semina ya wikendi utamtambua.

Bi_Tudor:
Niongeze kitu kwenye la msimamizi. Mtu anayetoka saa tatu usiku kila siku huenda ana zaidi ya tatizo la kugawa kazi. Kocha akisikia mtu hapati usingizi, chakula hakimpiti, haoni raha kwa chochote kwa wiki mbili au zaidi, asimame. Vituo vingi vya afya hutumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa, alama 0 hadi 27. Akifika 10 apelekwe akaonwe. Swali la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote lililozidi sifuri hufuatiliwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo kichwani. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Na kwenye mkataba wa kocha muandike kabisa atampeleka wapi mtu wa namna hiyo.

Mwanashimanzi:
Ahsanteni sana. Kocha wa majeraha ya utotoni nimeshampa jibu lake. Mawili bado yananisumbua: tajiri anataka ripoti ya kila kikao, na karani wa yadi nimwambieje bila kumwaibisha?

NangaKuu:
Ripoti ya kocha: tarehe, lengo na umbali uliofikiwa. Yaliyosemwa ndani hapana, vinginevyo msimamizi ataongea maneno ya kumfurahisha tajiri kwa vikao vyote sita na pesa zenu zimekwenda.

Bi_Tudor:
Ya mshauri: alihudhuria, hakuhudhuria, basi. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, mwonyeshe tajiri.

Karani muone faraghani, asubuhi, si mbele ya geti. Usianze na "una tatizo". Sema ulichokiona: "Tangu ile ajali naona yadi inakuwia nzito. Kuna mtu wa kazi hizi, kampuni inalipa, saa za kwenda ni za kazini. Utaenda lini?" Akikataa usimlazimishe, mrudie baada ya wiki. Wakati huo mpe kazi ya ofisini, ila mwambie ni ya muda na mtajie tarehe ya kuipitia tena, asije akadhani ameshushwa.

Somo_wa_Kuze:
Na vocha ya malipo, dada, andika "huduma za wafanyakazi". Jina lake lisiwepo kwenye karatasi itakayopita meza ya hesabu. Ofisi zenu hizo ukuta una masikio.