Kusimama MCA wadi ya Faza bila chama: sahihi 500 na tarehe za kuchunga

MwanaSiyu: Assalam alaykum. Kuna kijana hapa Siyu, wazee wanamtaka asimame MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wadi ya Faza, Lamu, 2027, ila mwenyewe hataki tikiti ya chama. Zile sahihi 500 za wapiga kura anazotakiwa mgombea huru zakusanywaje zisikataliwe?

Nahodha_Pate: Waalaykum salaam. Kabla ya sahihi, chungeni tarehe. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na Katiba yataka mgombea huru awe hana chama kwa miezi 3 kabla ya siku hiyo. Ikipita 10 Mei bado ni mwanachama, basi tena. Aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, atazame rekodi yake kwa Msajili wa Vyama, maana 2021 watu chungu nzima walijikuta wanachama bila habari. Akijiona humo, ajiuzulu kwa barua na abaki na nakala yenye muhuri.

Sahihi sasa. Anayetia sahihi awe mpiga kura wa wadi ya Faza yenyewe, tena asiwe na chama. Mtu wa Kizingitini aliyehamishia kura yake wadi ya Mkomani hafai, hata kama nyumba yake ingali Kizingitini. Wengi huangukia hapo. Kusanyeni 800, na kila jina lihakikishwe kwa nambari ya kitambulisho jioni ile ile, si wiki ya mwisho.

Bi_Tchundwa: Wanangu, na alama yake ya uchaguzi msisahau. Hupelekwa IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, na ikifanana na ya chama hukataliwa. Ada ni shilingi 5,000, kijana hulipa nusu. Siku ya kura awe na wakala kila kituo, asitoke bila nakala ya Fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA ya kituo. Agosti ni kusi, kwa hivyo mawakala walale kijijini usiku wa kuamkia kura, wasingoje boti ya asubuhi.

Mtangawanda: Kijana ajue pia MCA hana mfuko wa kugawa pesa. Hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kumhoji gavana. Kwa mfano, jeti (gati la boti) isiyokuwemo kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, unaofikishwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, haina fungu Julai inayofuata. Tarehe hiyo itamkuta ndio kwanza ametoka kwenye kura, kwa hivyo madai ya Siyu yaandikwe sasa, kwenye vikao vya umma. Na kwa kuwa hatakuwa na chama nyuma yake, azoeane mapema na wenzake wa wadi za Kiunga na Basuba. Kura yake peke yake haijengi jeti.