Sinza: mtaa unataka tusilaze magari barabarani. Kweli inapunguza ajali?

MpangajiSinza
Wakuu, habari za jioni.

Naishi Sinza, Dar, nyumba ya kupanga. Ndani ya geti kuna nafasi ya gari moja tu, nalo ni la mwenye nyumba. Sisi wapangaji tunalaza magari nje, ubavuni mwa barabara, na kuna mlinzi tunayemchangia kila mwezi. Jumapili kwenye mkutano wa mtaa likaletwa pendekezo: kuanzia kona ya duka la dawa hadi shule ya msingi, magari yaondoke upande mmoja wa barabara, mchana na usiku. Kwenye kona zote na kwenye kivuko cha shule ziwekwe nguzo ili mtu asipaki kabisa.

Sababu ni usalama. Mwaka huu mtoto aligongwa na bodaboda akitokea katikati ya magari yaliyopaki, akavunjika mguu. Mama yake namfahamu, tunasuka saluni moja. Roho inaniuma.

Lakini IST yangu nitailaza wapi? Kazi yangu inaisha saa nne usiku. Nikiiacha sheli niende nyumbani kwa mguu, mwanamke peke yangu, njia yenyewe taa hazipo. Huo nao ni usalama, au siyo? Halafu gari lililosimama halijamgonga mtu. Aliyegonga ni yule aliyekuwa mbio.

Naomba wenye uzoefu waniambie: kuondoa magari yaliyopaki kunasaidia kweli? Kuna mahali wamefanya wakafanikiwa? Mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi, nataka niende na hoja.

DerevaWaWatoto
Dada yangu, pole. Mimi naendesha Hiace ya shule, napita Sinza, Kijitonyama hadi Mwenge, kwa hiyo jambo lako nakutana nalo kila asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri.

Ni kweli gari lililosimama halijagonga mtu. Ila linamficha. IST ina kimo cha mita moja na nusu hivi, mtoto wa darasa la pili hafiki hapo. Noah ndiyo kabisa, hata mtu mzima anapotea nyuma yake. Mtoto akisimama kwenye mwanya kati ya magari mawili, mimi huku kwenye usukani naona mapaa na vioo tu, na yeye hanioni. Ili anione lazima achungulie, na akichungulia tayari yuko barabarani. Kwenye spidi 50 gari linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inapita kabla mguu haujagusa breki. Pima mwenyewe pale nje kwenu: ni urefu wa magari matatu yaliyopaki. Kwenye spidi 30 ni mita nane. Hapo breki bado haijaanza kushika.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mkutano hamkulisema. Ukingo ukijaa magari mimi siwezi kusogea pembeni kushusha. Nasimama katikati ya njia, mlango wa kushoto unafunguka, na bodaboda asiyetaka kusubiri anapenya huko huko kushoto. Matroni wangu ana amri moja: anashuka yeye kwanza, anazuia kwa mkono, ndipo mtoto anatia mguu chini. Magari ya shule yasiyo na matroni ni mengi, na hao watoto wanajishukia wenyewe.

Na wanaotembea? Ule mfuniko wa mtaro ndiyo njia yao, na magari yamepanda juu yake. Mama mwenye mtoto mgongoni anatembea katikati ya lami kwa sababu hajaachiwa pengine. Mzee mwenye fimbo vilevile. Hao wanaipita barabara hiyo kila siku, na wengi wao hawatamiliki gari maishani. Nikiwaza barabara ni ya nani, nawaza hao kwanza.

Hofu yako ya usiku naiheshimu. Nina binti anayerudi kazini saa hizo hizo. Kwa hiyo simwambii mtu “ondoa gari, utajua mwenyewe”. Ninachosema: kona na kivuko visiguswe na gari hata moja, saa yoyote. Hapo sitakubali mjadala. Huko katikati ya mtaa, mbali na shule, tukae tuongee.

Fremu_ya_Nguo
Mimi nina fremu mtaa wa jirani. Mkiondoa maegesho wateja wanahamia Mlimani City, huko wanapaki bila shida. Kodi nimelipa miezi sita mbele. Mnaozungumzia watoto wekeni matuta mmalize kazi.

DerevaWaWatoto
Ndugu yangu, biashara yako naielewa. Lakini simama mlangoni hapo siku moja uangalie hayo magari ni ya nani. Mengi ni ya wenye fremu wenyewe, yanaingia asubuhi na kutoka jioni. Nafasi ya mteja imekaliwa na gari la muuzaji.

Mdau_Oslo
Nipo Norway, mji wa Oslo. Hapa sheria inakataza kupaki ndani ya mita 5 kutoka kwenye makutano au kivuko, na faini yake inauma. Kuanzia 2017 jiji liliondoa mamia ya nafasi za kupaki pembeni ya barabara katikati ya mji, zikageuzwa njia za baiskeli, mabenchi na sehemu za kushushia mizigo. Wenye maduka walilalamika kama huyo ndugu hapo juu. Mwaka 2019 Oslo nzima alikufa mtu mmoja tu kwa ajali ya barabarani, naye alikuwa dereva ndani ya gari lake. Hakuna mwenda kwa miguu hata mmoja, hakuna mwendesha baiskeli, hakuna mtoto. Mwaka 1975 walikufa watu 41 katika mji huu huu.

Ila niseme wazi: nafasi za kupaki hazikuondolewa peke yake. Walishusha spidi, wakaweka matuta karibu na shule, na hapa basi na treni ni za uhakika. Msichukue kipande kimoja mkategemea matokeo yote.

Wakala_Magari
Mimi naagiza magari Japani. Dada, angalia kioo cha nyuma cha hiyo IST yako, inawezekana bado kuna kistika kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Kwenye miji yao husajili gari mpaka uthibitishe una mahali pa kulilaza, tena pasizidi kilomita mbili kutoka nyumbani kwako, na polisi wanakuja kupima kama gari linaenea. Sheria hiyo ipo tangu 1962. Hizi gari zetu nyingi huko kwao zilikuwa na pa kulala, zimefika Dar ndiyo zikaanza kulala nje. Sisemi tuige kesho asubuhi, ila siku moja tutalazimika kuuliza swali hilo kabla ya kutoa kadi ya gari.

Mhandisi_Mitaa
Nimesoma yote, niongeze ya kitaalamu kidogo.

Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wakati huo mwenye gari mtaani alikuwa wa kuhesabu. Leo kiwanja kile kile kina nyumba ya wapangaji na mbele kumejengwa fremu. Barabara haijaongezeka hata futi.

Angalizo langu kubwa: mkiondoa magari yote kwa mkupuo mkaacha lami tupu, madereva wataongeza spidi. Njia iliyobanwa humfanya dereva aende taratibu bila kuambiwa, ikipanuka mguu unakandamiza. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja baada ya barabara kusafishwa. Kwa hiyo nafasi inayopatikana ijazwe na kitu: njia ya miguu iliyoinuliwa, nguzo, mti, na kivuko kiwe juu ya tuta pana ili gari lipande kwanza ndipo lipite.

Mfano ninaoupenda ni Hoboken, mji mdogo wa New Jersey, Marekani, wenye watu kama 60,000 waliobanana. Sheria ya jimbo ilikuwa inakataza kupaki ndani ya futi 25 kutoka kwenye kivuko, lakini watu walipaki tu. Mji ukaweka nguzo za plastiki, vyuma vya kufungia baiskeli na bustani ndogo pale pale kwenye kona, mpaka gari likawa halina pa kuingia. 2022 wakashusha spidi hadi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Kuanzia 2017 ilipita miaka saba mfululizo bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali kwenye barabara za mji huo. Kibao na rangi peke yake havikutosha kule, na hapa kwetu havitatosha.

Na Dar si wageni kwa kazi hii. Amend, shirika linalofanya kazi hapa, limejenga njia za miguu, vivuko na nguzo kwenye shule za msingi kupitia mpango wa SARSAI, na 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

La mwisho ni la utaratibu: serikali ya mtaa haina mamlaka ya kuchimbia nguzo barabarani. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Muhtasari wa mkutano uende kwa mtendaji, upite kwa diwani, uombe ukaguzi. Mkichimbia zenu zitang'olewa.

MpangajiSinza
Nawashukuru, nimesoma mara mbili. Sasa mkutanoni nitasema hivi. Kona na kivuko cha shule naunga mkono moja kwa moja, na nguzo ziwekwe kwa kufuata TARURA. Mbele ya shule pawe wazi upande wote, na tuta pana lije pamoja na mabadiliko, lisisubiri mwaka mwingine. Huko katikati ya mtaa tuombe upande mmoja ubaki wa kulaza magari kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ila mfuniko wa mtaro usikanyagwe. Na taa. Bila taa kwenye ile njia ya sheli sitanyamaza.

DerevaWaWatoto, hizo Hiace zenu zinalala wapi?

DerevaWaWatoto
Kwenye yadi nyuma ya kanisa, karibu tu na huko kwenu. Ina ukuta, taa na mlinzi wa usiku kucha. Upande wa kulia kuna nafasi ya magari kumi hivi, siku zote ipo tupu. Sisi tunalipa elfu thelathini kwa mwezi. Mzee wa kanisa anayeisimamia ni mtu wa kusikiliza. Kabla ya mkutano twende tukamwone na wenzako wawili watatu, akikubali utaingia mkutanoni na jibu la wapangaji wenzako mkononi. Jumamosi mimi sina safari za shule.

MpangajiSinza
Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwepo. Nakuja na mama wa yule mtoto pia, ameomba kuja.