Mtoto anajikuna mpaka damu kwa kuumwa na mbu, naombeni ushauri

Mama Wawili: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tuna miezi miwili tangu tuhamie Kigoma kutoka Dodoma, tunakaa Gungu, na mvua ndiyo imeshika. Mwanangu wa miaka mitatu mbu wananimalizia. Akiumwa, panavimba kama sarafu ya shilingi mia, pekundu, ukigusa pana joto. Usiku anajikuna yuko usingizini, asubuhi nakuta matone ya damu kwenye shuka. Baba yake ni mzaliwa wa Ujiji, yeye akiumwa ni kipele kidogo tu na kesho kimeisha, kwa hiyo ananiambia mtoto atazoea. Nimepaka dawa ya meno, haisaidii. Jirani kasema nipake mafuta ya taa. Sasa kimoja cha kifundoni kimeanza kutoa maji. Naumia jamani.

Mwana Kibirizi: Pole sana dada. Mafuta ya taa usithubutu, yanaunguza ngozi ya mtoto. Mimi wangu nachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, nakamua, namwekea dakika kumi, kikipata joto nachovya tena. Na mkate kucha leo leo, zile fupi kabisa.

Mgebuka: Pasha kijiko kwenye maji ya moto ubandike hapo, muwasho unakata.

Dukani Mwanga: Mgebuka, kwa mtoto wa miaka mitatu hapana ndugu yangu. Tunaletewa watoto waliobabuka kwa kijiko.

Mama, mimi nauza dawa. Kinachowasha ni mate ya mbu jike: mwili unayakataa, unamwaga histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta muwasho, ngozi inavimba. Baba ameumwa tangu utotoni, mwili wake umeshayazoea. Mtoto bado ni mgeni, ndiyo maana anavimba hivyo. Kwa hiyo mzee hajakosea, ila kidonda hakiwezi kusubiri mazoea. Tafuta losheni ya kalamaini, ile ya kupaka ya kutuliza muwasho, tikisa chupa vizuri, pakaza kwenye vipele ambavyo havijachubuka. Kama halali, kuna setirizini ya maji, dawa ya kunywa ya kupunguza muwasho, lakini nenda na mtoto dukani wakupimie dozi ya umri wake, usikadirie na kijiko cha chai. Krimu zile za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila kitu ziache, zina dawa kali ambayo ngozi ya mtoto haihitaji.

Hicho cha kifundoni osha kwa maji safi na sabuni mara mbili kwa siku, kausha kwa kugusagusa. Ukiona usaha, au wekundu unatambaa, mpeleke zahanati. Na akipata homa, hata kidogo, usiseme ni vidonda. Apimwe malaria siku hiyo hiyo, huku kwetu si jambo la kungoja.

Bibi wa Bangwe: Mwanangu, anaumwa mchana au usiku? Wale wenye madoa meupe miguuni wanauma mchana, wanazaliwa kwenye ndoo na matairi hapo hapo uani. Mwaga maji kila wiki na usugue kuta za pipa, mayai yanaganda pale. Wa malaria ni wa usiku. Neti anayo?

Mama Wawili: Samahani bibi, shikamoo! Neti ipo, na nachomeka chini ya godoro kila siku.

Bibi wa Bangwe: Marahaba. Basi kaangalie akilala, mguu haugusi neti? Mbu anauma akiwa nje ya neti, mguu ukiegemea.

Mama Wawili: Bibi, nimetoka kumwangalia sasa hivi. Kalala ukutani, mguu wa kushoto umesukuma neti mpaka imekaza. Na vipele karibu vyote viko mguu huo huo! Wa kulia una viwili tu. Nimemrudisha katikati, nimeweka mto upande wa ukuta, na nimemvalisha soksi. Pipa la uani tunalisugua kesho na baba yake. Dukani Mwanga, kalamaini nafuata asubuhi. Asanteni sana, Mungu awabariki.